Nani Alipokea Zamu Baghdad

Afande Opio,

Hii ni wiki ya saba tangu moyo wako usimame kule chumbani kwenu walinzi, mtaa wa Muaither, hapa ugenini, na bado nikifika kazini asubuhi natoa kitambulisho kabla sijaombwa, kama ulivyonizoesha. Kiti chako wamekiondoa mapokezi. Yupo Bishnu, yule mlinzi mwenzako Mnepali uliyemfundisha kazi. Ule mmea wa dirishani naumwagilia mimi, nadhani kupita kiasi.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya na ninaogopa. Wewe ndiye mtu pekee hapa ambaye hakuwahi kunicheka kwa woga wangu. Hapana, ulinicheka. "Karani, wewe unaogopa hata printa." Lakini ulicheka halafu ukakaa ukanisikiliza.

Unakumbuka muhtasari niliopewa kuuandika hapa kituoni kwetu cha utafiti, wa uhafidhina mamboleo. Ulipouliza ni mdudu gani huyo, nilikueleza nikisubiri lifti: ni watu wachache Marekani, baadhi yao zamani walikuwa wa mrengo wa kushoto, wakakatishwa tamaa na wenzao. Waliandika katika majarida madogo. Walisema nchi yenye nguvu isione haya kuzitumia, na kwamba ni aibu kushikana mikono na madikteta kwa ajili ya utulivu tu. Baadaye wao na wanafunzi wao wakaingia serikalini, wakawa washauri, wakawa manaibu. Minara miwili iliposhambuliwa, wakati wengine wanatafuta la kusema, wao hoja zao zilikuwa tayari. Iraki ikavamiwa.

Nilitegemea uwatukane, wewe uliyelinda geti Baghdad. Ukasema, "Usiwacheke hao watu. Mimi niliwaamini." Ukanikumbusha kwamba jeshi letu sisi Watanzania lilikuja kwenu Uganda likamwondoa dikteta, na baba yako akalikimbilia barabarani na mkungu wa ndizi kichwani. "Sasa mimi niseme bunduki haiwezi kuleta uhuru? Mzee atafufuka anichape."

Kisha ukafungua daftari la zamu, ukaweka kidole kwenye safu ya mwisho, ya saini ya anayepokea. "Lakini angalia. Kule Baghdad waliambia jeshi yote enda nyumbani. Nani alisaini kupokea zamu? Hata kwetu, dikteta alitoka, nani alipokea? Tulipigana tena miaka mingi. Hiyo kitabu yako inasema hapo?"

Hakikusema. Nilitafuta, Afande. Kurasa nyingi kuhusu kwa nini kuingia, na kidogo sana kuhusu asubuhi ya pili yake.

Nikisoma maandishi yao siwezi kuwachukia. Ndani yake kuna hofu ninayoijua, ya mtu aliyewahi kuona watu wema wakinyamaza mbele ya uovu. Ila siku hizi sentensi zile zile zinarudi mezani kwangu, jina la nchi tu limebadilika, na safu yako ya mwisho bado iko wazi.

Kwa hiyo niliongeza aya moja kuhusu makabidhiano, nikaandika kwamba nimeelezwa na mlinzi aliyefanya kazi Baghdad. Dokta, mkuu wetu wa kitengo, aliniita. "Toa hii. Wageni wanataka historia ya fikra. Mlinzi si marejeo." Hakupaza sauti. Akaongeza kwamba mkataba wangu unajadiliwa mwezi huu. Unajua hapa mkataba ukiisha, na ukaazi umeisha.

Niliitoa. Nisamehe. Niliitoa kabla hata sijafika kwenye meza yangu, kwa simu, nimesimama kwenye korido.

Alhamisi asubuhi, siku ya kuwasilisha, nilimkuta Bishnu amesimama mlangoni, begi begani, macho mekundu. Zamu yake ilikuwa imeisha saa nyingi. Basi la walinzi wa kumpokea lilikuwa limekwama njiani kutoka Al Wukair. Nikamwambia aende tu, akapumzike. Akatikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili ulichomfundisha, maneno yako yote na makosa yako yote: "Hapana toka mpaka mwenzako asaini."

Nilipanda kwa ngazi kwa sababu sikutaka kusimama tena na kumbukumbu yako mbele ya lifti. Nikairudisha aya. Nikaisoma mara nne, kama kawaida yangu, kisha nikaandika jina langu chini yake, ili Dokta asihangaike kumtafuta mwenye kosa. Nikatuma.

Leo ni Jumapili, siku ya kwanza ya kazi hapa, saa nne. Dokta yumo ofisini, mlango umefungwa. Sijaitwa. Nimeisoma ile aya mara ya tano, ungeniona ungenitania.

Pumzika, Afande. Huko kwenu Tororo walikokulaza sijafika, lakini nitafika, iwe kwa likizo au kwa kufukuzwa, na nitakusomea ile aya kaburini. Mpaka siku hiyo, kila karatasi itakayopita mezani kwangu ikisema nani aondolewe, nitauliza swali lako.

Unaweza kuondoka sasa. Zamu nimeipokea, nimesaini.

Karani wako,
Salma