Chembe Zilizokataa Rangi

Iyunga, Mbeya
9 Novemba 2024

Kwa dada yangu mpendwa Devota,

Kamwene dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji Budeba na watoto, na kwamba ng'ombe wamepata maji huko Usangu, maana huku mvua inanyesha kwa kusuasua. Mimi na mke wangu Eveline tu wazima. Mtoto ameota meno mawili na anamng'ata kila anayempakata. Baba anasema nyumbani Kilolo wameshapanda viazi, na mgongo umemwachia kidogo.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Haya nimeona heri uyasome taratibu, uyarudie. Nimempa wifi yako Sayi akufikishie mkononi.

Kwanza habari njema. Kile kipimo ulichokuja kututolea damu hapa maabara mwezi wa sita kimefaulu. Nilikueleza juujuu tu siku ile. Kuna watu wanazaliwa na damu ambayo ikikutana na dawa fulani, chembe zake zinapasuka. Kwa mwanamume kipimo cha zamani kinaligundua tatizo hilo bila shida, kwa sababu chembe zake zote ni za aina moja. Mwanamke hulirithi kwa baba na kwa mama, si kwa mama tu kama mwanamume, kwa hiyo chembe nzima na chembe dhaifu zinaweza kuchanganyika ndani yake, kama gunia la mbegu lililoliwa nusu na wadudu. Kipimo cha zamani kinalipima gunia zima, kinasema sawa. Sisi tunamwaga mbegu mezani. Tunatia rangi, tunahesabu chembe moja moja kwenye hadubini. Nzima inashika rangi, dhaifu inabaki nyeupe.

Haikuwa rahisi. Miezi saba ya mwanzo, kabla hujaja, majibu yalikuwa yanatukataa, leo hivi, kesho vile. Mkuu wetu, Mama Joyness, alikuwa akisema kama tatizo hili lingejificha kwa wanaume, lingetatuliwa zamani, halafu anacheka peke yake. Mwishowe tukagundua damu ilikuwa inapata joto njiani. Tukaanza kuisafirisha kwenye barafu. Jumatatu tulimaliza kupima wanawake mia mbili, na Mama Joyness akatupikia pilau.

Dada, karibu nusu ya chembe zako hazikushika rangi. Usiogope. Utakula, utalima na utaishi kama kawaida. Zipo dawa chache za kuepuka, nimeziandika kwenye kadi iliyomo ndani ya bahasha. Mwonyeshe kila daktari. Watoto nao lazima wapimwe, maana wanaweza kuwa wamerithi.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Unakumbuka ulivyougua miaka minne iliyopita. Ulikuja Mbeya na homa, ukapewa vidonge, ukarudi Usangu, na siku ya tatu mkojo ukawa kama chai ya rangi, macho yakageuka manjano. Ukaongezewa chupa mbili za damu. Kwa kuwa mama mkwe wako, Bibi Mbuke, alikuwa amekuchemshia mizizi, ukoo wetu wote ukasema amekutilia sumu. Wewe mwenyewe ulisema mkojo ulibadilika kabla ya mizizi, lakini hakuna aliyekusikiliza. Baba akaapa kwamba mama yule hatakanyaga Kilolo. Na tulipomzika mama, Bibi Mbuke alikuja na kanga na mchele, akarudishwa akiwa barabarani.

Dada, kabla ya vile vidonge daktari aliagiza damu yako ipimwe kwanza. Aliyeipima ni mimi. Niliandika "Sawa" kwa mkono wangu. Sikukosea kusoma, kipimo ndicho kilichoshindwa kumwona mwanamke. Lakini mwaka uliofuata, niliporudi chuoni kusoma zaidi, tulifundishwa udhaifu wake, na siku ile ile nikaelewa kilichokupata. Nikanyamaza. Nilimwogopa baba, nilikuogopa wewe, niliogopea na kazi yangu. Siku ya msiba nilisimama pale barabarani nikamtazama Bibi Mbuke akigeuka na mchele wake kichwani, na nilikuwa najua.

Alhamisi nilimweleza baba kila kitu. Akauliza kama yule mama bado yu hai. Nikamwambia yupo. Akasema, "Basi tutakwenda wote. Mimi ndiye niliyemfukuza."

Tutafika Jumamosi ya tarehe 23. Mweleze shemeji leo hii, maana ni mama yake, ila mwombe asimwambie mpaka tufike. Bibi Mbuke anastahili kulisikia jambo hili kwa kinywa changu. Nawe ukinikasirikia, ni haki yako, nitapokea. Lakini sitakuficha: tangu Alhamisi nina raha ambayo sikuwa nayo miaka mitatu, na baba ameshaanza kutafuta mbuzi wa kuja naye.

Eveline anakusalimu sana, na watoto uwapakate kwa niaba yangu. Mungu awalinde hadi tutakapoonana.

Ni mimi mdogo wako,
Filemoni