Tope la Kifaru cha Baba

Jumamosi

Sijamwambia mtu yeyote, lakini mimi ndiye niliyeosha kifaru cha vita cha Baba.

Amekiunda miezi mitatu, kipande kidogo cha plastiki baada ya kingine, kwa kibano cha nyusi cha Mama. Kesho anawapelekea wenzake wa kikundi cha kuunda vifaru vya mfano wakikague. Asubuhi nikifanya usafi niliona minyororo ya magurudumu yake ina tope, nikaisugua kwa mswaki na sabuni hadi ikang'aa. Nilipokirudisha mezani ndipo nikaona kichupa kitupu cha rangi, kimeandikwa kwa mkono wa Baba: TOPE.

Alikuwa amelipaka makusudi, kionekane kimetoka vitani.

 Halafu nikakumbuka kwamba hapa mtaani Tassia tope halijawahi kuadimika. Nikachota kidogo pale chini langoni, nikalikausha kwenye sufuria.

"Mbona unakaanga udongo?" Mama akauliza.

"Ni wa maua, Mama."

"Maua gani, na hatuna hata moja?"

Nikaipua sufuria. Nililichunga kwa kichungi cha chai, nikalichanganya na gundi, nikaipaka minyororo taratibu kwa brashi ya Baba.

Jioni Baba alikigeuzageuza chini ya taa. "Njeri, hebu kuja uone. Jana rangi ya tope ilikaa kama chokoleti. Kumbe ilihitaji tu kukauka."

"Ni kweli, Baba."

Amefurahi sana, nami nimeshindwa kumwambia. Kesho wakimuuliza alitumia rangi gani...

Daftari, tafadhali, hili libaki kwako.