Bolti Niliyomsingizia Baba Mkwe

Jumapili, alasiri. Mvua imekatika, lakini ukungu umeikalia Uluguru tangu asubuhi, ungedhani hatuna mlima. Nimekaa uani kwetu Kihonda, mbele ya gari langu lenye boneti wazi. Sina hamu ya kushika spana.

Nina aibu.

Mnaonisoma hapa mnajua nilivyotamba. Niliwaandikia kwamba nabadilisha injini ya gari nyumbani, bila gereji, kwa sababu nilisoma ufundi magari kabla sijawa karani. Niliweka na picha za makopo yaliyopangwa mstari, kila moja na lebo yake, mkanisifu kwa utaratibu. Ambacho sikuwaambia ni kwamba utaratibu ule haukuwa wangu.

Ulikuwa wa baba mkwe.

Mzee Shomari, baba yake mke wangu Rehema, alikuwa mtunza stoo kiwandani kwa miaka mingi. Tangu mama mkwe afariki anaishi nasi. Siku nilipoanza kuifungua injini ya zamani, bolti zote nilikuwa nazitupia kwenye ndoo moja. Akatoka na kiti chake, akanitazama kwa muda, akauliza, "Mkwe, hizo ukizirudisha utazijuaje?"

"Nitazijua tu, baba. Nina jicho."

Hakubishana. Alikwenda jikoni akakusanya makopo matupu ya maziwa ya unga, akabandika vipande vya karatasi, akaandika kwa mwandiko wake uliosimama wima: imetoka wapi, upande gani, ziko ngapi. Nyaya akazifunga uzi wa rangi, kila waya na mwenzake. Sikuruhusiwa kufungua kitu kabla sijakipiga picha. Nilikuwa nikimcheka na kumwambia hapa si kiwandani, ila kazi ilikwenda vizuri. Halafu nilipokuja kuandika hapa, nikaandika "nimejipangia".

Ijumaa moja mzee aliondoka kwenda msikitini. Akiwa getini aligeuka akasema mawingu si mazuri, niyafunike makopo. Nikasema sawa, nikaendelea na simu yangu. Mvua ikashuka ghafla kama inavyofanya hapa kwetu. Nilipotoka mbio, makopo mengine yalikuwa yameshajaa maji na mengine yamelala chali, bolti zimetapakaa kwenye turubai.

Nilizikusanya zote nikazimimina kwenye beseni la kufulia zisishike kutu. Nikazifuta, nikazipaka oili, kisha nikazirudisha kwenye makopo kwa kukisia. Nusu saa tu, na kazi ya mzee ya wiki nzima nikawa nimeivuruga.

Aliporudi alikuta makopo yamejipanga na yamefunikwa. "Ahsante mkwe kwa kuyafunika," akasema.

Nikaitikia.

Juma lililofuata nilimwomba Joachim, fundi wa mtaani kwetu, aje na winchi yake tuishushe injini nyingine mahali pake. Ikakaa vizuri. Tulipoanza kuiunganisha na giaboksi, nikachukua bolti kwenye kopo lenye lebo ya giaboksi, chini kushoto. Ilikaza mapema. Nikaongeza nguvu. Nikasikia mlio mkavu, na ufa ukatokea kwenye ganda la giaboksi, mrefu kama kidole.

Joachim aliichomoa ile bolti akaipima kwenye kiganja. "Hii ni ndefu, siyo ya hapa. Nani alizipanga hizi?"

"Mzee," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe. Hivyo ndivyo nimekuwa nikijitetea moyoni, kwamba lilitoka lenyewe. Lakini nilikuwa na mchana mzima wa kulirudisha, na baada ya huo mchana nilikuwa na wiki mbili.

Mzee alikuwa barazani, alisikia. Alikuja polepole, akaliokota lile kopo, akalisogeza karibu na macho na kuisoma lebo.

"Mwandiko ni wangu," alisema. "Basi nimechanganya mimi. Nisamehe sana, mkwe. Nimekuharibia."

Mtu mzima, baba wa mke wangu, ananiomba radhi mbele ya fundi kwa kosa langu. Na mimi nikamjibu, "Usijali, baba. Ni umri tu."

Sentensi hiyo ndiyo inayoninyima raha kuliko ufa wa giaboksi. Uongo wa kwanza ulinitoka kwa hofu. Huu wa pili niliutoa kwa utulivu kabisa, tena kwa sauti ya upole.

Tangu siku ile hakukaribia tena gari. Mwanzoni niliona afadhali. Kisha nikaanza kuona mambo mengine. Akawa anamuuliza Rehema kama ameshakunywa dawa, wakati ametoka kuzinywa. Akawa anafunga mlango wa chumba chake, anatembea hatua tatu, anarudi kuushika. Jioni moja nilimkuta amesimama na birika la udhu mkononi, anaulizia kama alasiri ameshaiswali. Mimi nilikuwa nimemwona akitoka kuswali. Nilimjibu, nikaenda zangu.

Jana alirudisha ufunguo wa msikiti. Yeye ndiye aliyekuwa akifungua alfajiri, kila siku, mvua au baridi. Alimwambia imamu amtafute mtu mwingine, kichwa chake hakiaminiki tena.

Rehema ameniambia asubuhi hii jikoni, kisu na kitunguu mkononi, na machozi yale hayakuwa ya kitunguu. Alisema amewapigia ndugu zake wa Matombo, wakubaliane nani wa kukaa na baba, maana sasa haifai kuachwa peke yake. "Baba yangu anapotea, naona hivihivi," akasema.

Nilikaa chooni muda mrefu nikiwa sina haja yoyote.

Kisha nikatoka. Mzee alikuwa barazani anachambua kunde kwenye ungo. Nikamwita Rehema naye akae. Nikamwambia mzee, "Baba, zile bolti hukuzichanganya wewe. Nilizichanganya mimi siku ya mvua, ulipokwenda Ijumaa. Makopo yalijaa maji, nikazimwaga zote pamoja, nikazirudisha kwa kubahatisha. Nimejua tangu dakika ileile bolti ilipogoma."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Ile lebo niliandika sawa?"

"Uliandika sawa, baba. Zote."

Alichagua kunde moja mbovu, akaitupa uani. Halafu akasema, bila kunitazama, "Kila usiku nikilala nataja majina ya watoto wangu. Mmoja mmoja, na wale waliokufa. Nilikuwa naogopa siku moja nitamkosa mmoja."

Rehema aliinuka akaingia ndani. Hakubamiza mlango. Aliufunga taratibu, na hilo likaniuma zaidi.

Nilianza kuomba msamaha, mzee akainua mkono. "Msamaha wako nimeusikia. Lakini umenisema mbele ya watu. Nenda ukawaambie na wao."

Nilianza kwa Joachim. Alinisikiliza huku akifuta mikono kwa tambara, akasema tu, "Kaka, hata mimi nilimwonea huruma yule mzee." Kisha nikaenda msikitini. Nilisubiri watu wamalize adhuhuri, nikamweleza imamu, na wazee watatu waliobaki kwenye jamvi wakasikia. Hakuna aliyenikaripia. Imamu alisema nafasi ya mzee ipo palepale akiitaka. Mmoja wa wale wazee akauliza, "Na ulikuwa unakula naye sahani moja siku zote hizo?"

Ndiyo. Nilikuwa nakula naye.

Niliporudi nilimpa salamu za imamu. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia kazi ya gari nitaianza upya, nitazimwaga bolti zote chini na kupima moja baada ya nyingine, na kama akipenda akae nami anielekeze. Alisema kesho asubuhi anapanda gari kwenda Matombo kuangalia migomba yake. Peke yake.

Rehema alitoka ndani kumsihi. Njia ni mbovu kwa mvua hizi, walau asindikizwe. Akakataa. Kwangu Rehema hajageuza macho mpaka sasa ninapoandika, wala simlaumu.

Mimi nilimwomba kitu kidogo tu, nimpeleke hadi stendi.

"Njia naijua," akasema.

Sijui alikuwa ananiambia mimi, au anajiambia mwenyewe. Na kama anajiambia mwenyewe, itamchukua safari ngapi kuamini tena?