Jina la Baba Kwenye Mtihani

Jumatano, 10 Julai 1974

Kuanzia leo Chuo Kikuu kinanitegemea mimi. Wana maprofesa kule Dar, wana vitabu vya kujaza meli, lakini mtu wa kuwasahihishia mtihani huku Bunda hawakuwa naye mpaka waliponiona mimi, Burito. Fomu Tu niliiacha njiani. (Yenyewe ndiyo iliniacha, lakini hayo ni yangu.) Nina kalamu nyekundu mbili mfukoni. Nimeziacha zichungulie nje ili watu wasisumbuke kuuliza.

Kazi ni kibarua. Mkubwa wangu ni lekchara, Ndugu Florian, Mhaya, miwani mizito, anaongea kama redio. Chuo kinataka kujua kama watu wazima wetu wamejifunza kusoma kweli au wanasinzia tu kwenye madarasa ya jioni. Mtihani ni kuandika, halafu kusoma kwa sauti mbele ya msahihishaji. Tunaanza kijijini kwetu, halafu Butiama. Kisha karatasi zinakwenda Musoma kupanda meli. Nikifanya vizuri, amesema, Mwanza wanatafuta msahihishaji wa kudumu. Nimeshajiona Mwanza. Nimevaa viatu vya kung'aa.

Alhamisi, 11 Julai

Leo tumetunga habari ya kusoma. Ndugu Florian hataki minazi wala mambo ya pwani, anataka mkulima wa huku huku, mwenye jina la huku huku. Sikufikiri hata. Nyamburi, nikasema.

— Ni nani huyo?
— Baba yangu.
— Hatakasirika?
— Atachinja mbuzi, Ndugu.

Sasa stensili inasema: “Nyamburi ana shamba la pamba. Nyamburi aliamka mapema…” Kila mstari Nyamburi. Kaka Clementi alimnunulia baba redio, na tangu hapo haachi kutukumbusha. Mimi nimemtia mzee kwenye karatasi ya Chuo Kikuu. Tuone nani mtoto.

Ijumaa, 12 Julai

Nyumbani. Nimefika na landrova, nimekaa mbele. Nimekulia Bweri, Musoma mjini, kwa mama mdogo tangu darasa la tatu, huku nilikuwaga nakuja likizo tu, kwa hiyo wananitazama kama mgeni. Leo wametazama zaidi.

Shemeji Lukresia, mke wa Clementi, alinipokea na maji ya kunawa na maneno yake.

— Wewe uliyeshindwa na hesabu za Fomu Tu ndiyo unitie maki mimi?
— Nitakupa sifuri kubwa kama yai la mbuni.
— Jaribu, tuone nani atakupikia.

Anasoma huyu. Jioni alinisomea gazeti la zamani lililofungiwa chumvi, upande wote, bila kukwama. Mwalimu wao, Machage, anahamia Tarime. Shemeji akifaulu, darasa la akina mama linakuwa lake. Wenzake wameshaanza kumwita Mwalimu, nusu utani, nusu kweli. Na asipofaulu mwanamke hata mmoja? Basi Machage akiondoka, darasa linaunganishwa na la wanaume.

— Na hilo haliwezekani, shemeji.

Sikuuliza kwa nini. Kulikuwa na samaki, ningu wa kukaanga, na mimi nikiona ningu masikio yanaziba.

Jumamosi, 13 Julai

Sielewi. Naandika hivyo hivyo: sielewi.

Baba alipewa kiti mlangoni, kama mzee wa kijiji. Wa kwanza akaitwa Lukresia. Ndugu Florian akamwuliza majina matatu. “Lukresia Clementi.” La tatu? “Hayo mawili yananitosha.” Akaandika imla yote bila kosa, mwandiko mzuri kuliko wangu. Kisha nikampa karatasi ya kusoma.

Akaitazama. Akanitazama mimi. Akatazama mlangoni. Kimya.

Mwongozo unasema uhesabu hadi ishirini, mtu asipofungua mdomo unakata. Nilihesabu polepole, Mungu shahidi. Sikuona hata midomo ikicheza. Nikakata. Sifuri.

Akaja wa pili, mke wa baba mdogo Mwikwabe. Kimya. Wa tatu, kimya. Wote wameolewa ukoo wetu, na wote wamesimama pale pale, kabla ya neno la kwanza, kama ng'ombe aliyeonyeshwa daraja. Mmoja alifunika uso kwa khanga. Aliyesoma ni dada Wankyo peke yake, aliyerudi nyumbani juzi kutoka kwa mumewe na hajamaliza hata mwezi darasani. Alisoma anacheka, tena kwa sauti ya kusikika kisimani. Lakini kuandika hajui kabisa. Kwa hiyo hakufaulu mwanamke hata mmoja.

Nilipotoka, Lukresia alikuwa anafunga kitenge.

— Shemeji, utani una mwisho wake.
— Kalamu nyekundu haina undugu, nikamjibu.

Niliona nimesema vizuri sana. Hakucheka. Ugali wa jioni umeletwa umepoa, bila mboga.

Jumapili, 14 Julai

Nimejaribu kufikiri. Woga? Lukresia hana woga, aliwahi kumkimbiza fisi kwa mwiko. Miwani ya Ndugu Florian? Aliivua. Herufi za stensili hazikushika? Wankyo alizionaje?

Nikamwuliza Wankyo. “Kaulize Chuo Kikuu,” akasema, akaanguka kwa kicheko.

Nikamwuliza Clementi. Alinitazama kama anayeona mbuzi juu ya meza. “Huko Bweri walikuwa wanakufundisha nini?” Akatia gunia la pamba begani, akaenda zake.

Baba naye. Mbuzi hajachinjwa.

— Uliwapa wasome lile jina?
— Ndiyo, Baba.
— Na mimi nimekaa pale.
— Ndiyo, Baba. Ili usikie.

Akatema tumbaku, akageukia redio yake. Nadhani ni furaha. Furaha ya wazee huwa ngumu kuiona.

Jumanne, 16 Julai

Butiama. Akina mama wa hapa wanasoma kama wanakimbizwa na mvua. Nyamburi, Nyamburi, Nyamburi, hakuna aliyekwama. Nikajisemea, basi ni kwetu tu ndiyo wajinga. Nikawa natia tiki kwa madaha.

Akaja mmoja, mwembamba, mtoto mgongoni. Akaitazama karatasi. Kimya. Kimya kile kile! Nikaanza kuhesabu. Nilipofika tisa, wenzake nyuma wakaanza kuguna, na bibi mmoja akasimama bila kuitwa.

— Wewe kijana, unamwonea. Baba mkwe wake naye anaitwa hivyo.
— Sasa?
— Sasa anataja baba mkwe kwa jina? Wewe umezaliwa na nani?

Darasa zima likacheka. Bibi akamweleza Ndugu Florian taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba moto unachoma: mke hataji jina la baba wa mumewe wala la ndugu yeyote wa kiume upande wa mume. Akilikuta, analizunguka. Basi Ndugu Florian akasema aseme “Mzee” pale penye jina. “Mzee ana shamba la pamba. Mzee aliamka mapema…” Akasoma hadi chini. Hakuvuta hata pumzi. Nikampa maki zote.

Nimeishi miaka kumi na tisa. Hivi shemeji anamwitaje baba? Nimejaribu kukumbuka. “Babu Wankuru,” kwa jina la mtoto wake mkubwa. Au “yule mwenye mji.” Nilidhani ni mapenzi tu. Na mama alikuwa anamwitaje babu? Sijui. Mtu husikia jina likisemwa, asiyelisema unamsikiaje?

Ndugu Florian akanigeukia, akaniuliza kitu. Nikajibu. Tukaendelea na kazi.

Jumatano, 17 Julai

Ndugu Florian ameandika ripoti, nakala imeshapelekwa kijijini. Kijiji chetu: wanawake hawajafaulu, darasa liunganishwe na la wanaume. Baba yumo kwenye darasa la wanaume, anakaa mstari wa mbele. Na baba mdogo Mwikwabe. Sasa najua kwa nini haliwezekani. Asiyemtaja baba mkwe hata jina, atakaaje naye benchi moja? Hakuna mke atakayeingia humo.

Amesema nimefanya kazi safi. Amesema Mwanza bado wanangoja jina langu.

Wali umenishinda. Mimi.

Alhamisi, 18 Julai

Musoma, gatini. Naandika nimekaa juu ya sanduku la mitihani. Ndugu Florian yuko pale dirishani anashughulikia tiketi. Ziwa limetulia, watu wa kisiwa cha Rukuba wanashusha samaki, furu wakavu, harufu imejaa kila mahali.

Lukresia yuko hapa. Amekuja na lori ya ushirika, ameniletea shati nililolisahau. Amelifua. Amelipiga pasi. Nilitamani angenipiga nalo.

— Shemeji, Jumatatu tunaanza na wanaume.
— Nimesikia.
— Hatutaanza. Tutakuwa tunachuma pamba, na pamba ikiisha tutatafuta kingine cha kuchuma.

Nikalikunja shati upya, ingawa lilikuwa limekunjwa. Akaendelea.

— Najua ulikuwa unanitania tu. Au hukujua, umekaa sana Bweri. Wengine wanasema ni makusudi, mimi nimewakatalia. Mwambie lekchara wako anipe karatasi, nisimame hapa hapa gatini nisome. Nitasema “mzee,” basi. Sitaki kingine.
— Mwambie wewe.
— Nikimwambia mimi, utaonekana mjinga mbele ya mkubwa wako. Wewe ni shemeji yangu. Sema mwenyewe. Yule pale.

Amekwenda kusimama kivulini, karibu na mizani ya samaki. Hanitazami. Ananingoja.

Anadhani ni jambo la kwenda na kusema tu. Hata mimi nilitaka kuandika hapa kwamba kosa ni jina, kwamba nilimpa Ndugu Florian jina la baba kwa kujisifu. Hilo si kitu. Hilo lilikuwa ujinga, na ujinga unafutika kwa dakika moja, nimeona Butiama.

Kengele imelia. Ndugu Florian anarudi na tiketi, anacheka, ananionyesha sanduku: nishike upande huu, yeye ashike ule.

Aliniuliza. Kule Butiama, mbele ya wote, baada ya yule mama kumaliza kusoma. “Burito, wale wa kwenu walinyamaza kwenye jina hilo hilo. Ni jambo hili hili?” Nikaona Mwanza, nikaona viatu.

Nikasema: “Hapana, Ndugu. Wa kwetu hawajui kusoma.”