Korti Haina Mkwe

Kimulot, 8 Machi 1934

Mama Mellen,

Pokea salamu. Mimi sijambo, kifua tu kinanisumbua kwa baridi ya huku. Mtoto ameota meno?

Kaka yako Osoro amekamatwa. Jumapili mchana stoo ya majani ya chai iliungua, na nyapara akamtaja yeye kwa sababu Jumamosi walikuwa wamegombana. Anasema Osoro ni mtu wa dharau, hakumvulia kofia. Basi kofia hiyo ndiyo imekuwa kiberiti.

Haya soma ukiwa peke yako. Saa ile ya moto nilikuwa nimekwenda kumwita Osoro, nikamkuta kambi ya pili, kitandani na mke wa mtu. Nilimwona kwa macho yangu, hana nguo. Yule mwanamke ametoroka, kwa hiyo shahidi nimebaki mimi peke yangu. Kesi ni tarehe 23, Kericho. Nitasema yote, na Osoro atatoka.

Mumeo, Baba Mellen


Nyaribari, 19 Machi 1934

Baba Mellen,

Salamu zako zimefika. Mellen ana meno mawili na ananiuma nayo.

Mama ameondoka leo alfajiri kwa miguu, anataka kumwona Osoro kortini. Nilimkataza, lakini unamjua mama. Sikuweza kumweleza utakayosema, ulimi ulikuwa mzito. Unajua haya zetu za ukwe, mama mkwe hasikii maneno ya kitandani kutoka kinywa cha mume wa binti yake. Ukimwona humo ndani, tafuta mtu amtoe kabla hujaitwa. Tafadhali. Mama hana mtoto mwingine wa kiume.

Mkeo, Mama Mellen


Jela ya Kericho, 2 Aprili 1934

Mama Mellen,

Nakusalimu kutoka jela. Mwili ni mzima, mengine siwezi kuyasemea. Barua yako ilinifikia nikiwa nimeshafungwa.

Niliapa vizuri. Kuinua macho, nikamwona mama yako benchi la mbele, na kibuyu cha uji mapajani. Hakimu akauliza Osoro alikuwa wapi. Nikasema kambi ya pili. Akauliza, akifanya nini? Mdomo ulikataa. Nikageuka nikatazama ukuta, kama mtu anavyompisha mkwe wake njiani. Kumbe nimempa hakimu mgongo.

Mkalimani, Mjaluo anaitwa Obiero, alielewa, maana hata kwao mkwe ni mkwe. Akasema, "Bwana, huyu anaheshimu mama ya bibi yake, hawezi kusema mbele yake." Hakimu akajibu, "Korti haina mkwe. Aseme ama afungwe." Nikanyamaza.

Mimi miezi miwili, kwa kudharau korti. Osoro miaka saba.

Jumatatu niliomba nirudishwe niseme. Nikaambiwa hukumu imeshatoka. Bonareri, mimi sijawahi kudharau mtu. Mwambie mama nilifanya vile kwa heshima yake.

Mumeo, Baba Mellen


Nyaribari, 20 Mei 1934

Gekara,

Natumaini u mzima. Mellen anatambaa.

Nilikaa na salamu zako za heshima mwezi mzima. Juzi tukipura wimbi nilimwambia mama yote, kitanda na mke wa mtu. Nilidhani atafunika uso. Aliweka fimbo chini, akauliza, "Ni hayo tu?"

Kisha akasema, "Osoro nilimzaa hana nguo, nikamwosha hana nguo. Maneno hayo yangenitia haya mpaka jioni, kesho ningeamka nipike. Mume wako aliona haya yangu ya siku moja ni nzito kuliko miaka saba ya mwanangu. Hakimu alisema ana dharau, na hakukosea."

Niliokota ile fimbo, nikaendelea kupura. Mimi pia nilinyamaza asubuhi ile nikimfungia mama mzigo, na jambo hilo linaniuma kila siku. Kwa hiyo sikulaumu peke yako.

Najua watakufungulia Jumatano. Ukifika nyumbani utakuta mlango umefungwa, ufunguo uko kwa jirani yetu Jerusa. Mimi na mtoto tuko kwa mama. Usije huku, hataweza kukutazama, nami siwezi kumwambia ageukie ukuta.

Dada yake Osoro