Siku ya Kuchuma Zabibu Nyeupe

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Segerea tu wazima, na mguu wa mama yako umepona. Umeniuliza kama mvinyo mweupe mkavu, yaani usio na utamu, huletwa na aina ya zabibu au na jua.

Nilipokuwa msichana Dodoma, baba alitaka zabibu zetu nyeupe zikae wiki moja zaidi ziongeze sukari. Nikaonja.

"Baba, jua linamaliza uchachu. Tuchume leo."

"Unanifundisha shamba langu?"

Nikaingia shambani na kikapu. Kwa hasira akazuia nusu ya shamba isiguswe.

Aina ile ina uchachu wa asili, ila jua la kwetu huula. Nusu yangu ilitoa mvinyo mkavu, mchangamfu. Wa kwake ukapooza. Baba alionja huu, akaonja ule. Kisha akasema, "Mwakani siku ya kuchuma utaipanga wewe."

Bibi yako akuombeaye