Mbunge Niliyemwandika Mwehu

Jumanne, Granville, Sydney. Mvua tangu alfajiri, nami nimerudi kazini nimefura kwa hasira hata chai imenishinda.

Nianze na kosa langu, maana nikianza na ya wengine nitajisahau.

Kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi yupo Mzee Raghu, Mhindi wa miaka themanini na kitu. Alipoletwa, kila asubuhi baada ya uji alivuta kiti mpaka barazani, akataka wenzake wapange foleni wamweleze shida zao. "Mimi ni mbunge," aliniambia. "Wewe binti, shida yako nini?"

Nilicheka. Sydney hii kila mtu alikuwa mkubwa kwao. Mwenye teksi alikuwa meneja wa benki, mfagiaji alikuwa mhandisi. Mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu mkuu msaidizi Korogwe, na nani ananiamini? Basi nikaandika kwenye faili lake: amechanganyikiwa, anadhani yeye ni mbunge. Daktari akasoma, akamwandikia vidonge vya kumtuliza. Wiki ya tatu sasa anasinzia tu, mate yanamtoka.

Leo kaja mgeni, dereva wa basi, mtu wa wilaya yake huko India. Akainama, akamgusa miguu, akalia. Mzee hakufungua hata jicho.

Dereva ndiye aliyenisimulia. Raghu alikuwa mwalimu, kisha mbunge kwenye bunge la jimbo lao, vipindi vitatu. Alipigania daraja mpaka likajengwa. Kila asubuhi watu walijipanga nyumbani kwake na barua za malalamiko, akazisoma zote. Wakubwa walimtaka ahame chama, wakamwahidi uwaziri, akakataa. Uchaguzi uliofuata wakamwangusha, naye akarudi darasani kwa baiskeli.

Mtu huyo ndiye niliyemwita mwehu.

Namkasirikia daktari aliyemtazama dakika tano. Nawakasirikia waliompokea bila kumuuliza mwanawe aliye mjini Perth, kazi ya simu moja tu. Lakini najikasirikia mimi zaidi. Mama yangu alishasimama kwenye foleni kama hiyo nje ya nyumba ya mbunge wetu, barua ya kuniombea shule mkononi. Mimi wa kumcheka yule mzee?

Nilimfuata Wambui, Mkenya anayesimamia zamu yetu, nikamwambia nataka kusahihisha faili. Hakuinua macho kwenye kompyuta.

"Wachana na hiyo story, dada. Mzee ametulia, shift iko poa. Ukiandika ati ulikosea, management wataanza na wewe, na visa yako unaijua."

Ametulia! Hata maiti imetulia.

Ya visa ni kweli. Mwajiri ndiye aliyenidhamini, na wanangu wawili wanasoma hapa. Nilikaa chooni robo saa nzima, sijui kwa woga au kwa hasira.

Kisha nikampigia mwanawe. Nilimweleza habari ya vidonge, akaniuliza kama ndiyo sababu baba yake siku hizi haongei kwenye simu. Nikamwambia ndiyo, na aliyeandika ni mimi. Nikamwandikia meneja kwamba nilikosea, nikamwandikia daktari, jina langu chini.

Daktari hajajibu. Kesho saa mbili asubuhi zamu ya kugawa vidonge ni yangu. Akiwa bado kimya, wamtafute mwingine wa kumpa mzee vidonge hivyo.